Mwongozo kamili: kutuma bastola au bunduki kiwandani kwa matengenezo ukiwa Marekani

Mtu aliyekulia Kenya au Tanzania akanunua silaha yake ya kwanza akiwa Texas au Ohio huwa na mazoea ya kutokuigusa kabla ya kuuliza serikali. Nyumbani kila kitu kinapitia Bodi ya Leseni za Silaha kule Nairobi, au polisi na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 kwa upande wa Tanzania. Kwa hiyo bastola yake ikianza kukwama, swali lake la kwanza huwa: kibali cha kuisafirisha kinatoka wapi?

Kwa sheria ya shirikisho la Marekani, kibali hicho hakipo wala hakihitajiki. Mwenye silaha halali anaweza kuituma kwa kiwanda kilichoko jimbo lolote, na kiwanda kikairudisha mpaka mlangoni kwake. Kikwazo kiko kwingine kabisa: kwenye kaunta ya kampuni ya vifurushi. Sheria inakuruhusu, mwenye lori anakukatalia. Ndiyo maana mwongozo huu unarudi kila mara kwenye jambo moja: usianze na boksi, anza na simu ya kiwandani. Lebo watakayokupa ndiyo itakayoamua karibu kila hatua nyingine.

Sheria kwa ufupi

Msingi wake ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 1968, inayosimamiwa na ATF, idara ya shirikisho ya pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi. Kampuni inayotengeneza, kuuza au kukarabati silaha kibiashara lazima iwe na leseni ya shirikisho, ambayo kila mtu huiita FFL. Mtu binafsi asiye na leseni haruhusiwi kumtumia silaha mtu binafsi mwenzake aliye jimbo jingine, lakini anaruhusiwa kumtumia mwenye leseni popote nchini. Na mwenye leseni aliyepokea silaha kwa matengenezo anaruhusiwa kuirudisha moja kwa moja kwa yule yule aliyeituma. Kama haitengenezeki, anaweza kutuma nyingine ya aina ile ile badala yake. Fomu 4473, ile unayojaza dukani wakati wa kununua, haihusiki hapa.

Kuna watu ambao mlango huu haupo kwao. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa la jinai, aliye chini ya amri fulani za mahakama za ukatili wa nyumbani, na wengine kwenye orodha ya sheria, hawaruhusiwi kumiliki silaha wala kuisafirisha. Kwa wahamiaji, mwenye kadi ya kijani anaweza kumiliki. Aliyeingia kwa visa ya muda, kama ya masomo au utalii, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa akiwa ndani ya misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Ukiwa na shaka juu ya hadhi yako, muone mwanasheria wa uhamiaji kwanza, silaha ikae ilipo. Kosa la silaha linaweza kukugharimu ukaazi wako wote.

Majimbo nayo yana sheria zao juu ya hizo. New York, New Jersey, California, Massachusetts na Hawaii ni kali kuliko Tennessee au Arizona, na jiji la New York lina masharti yake ndani ya masharti ya jimbo. Kama unaishi sehemu hizo, swali la “mtanirudishia nyumbani au dukani?” liulizwe kabla silaha haijatoka kwako.

Jambo jingine ambalo wengi hulikosa: kisheria, silaha ni ile sehemu yenye namba tu. Kwenye bastola nyingi ni fremu, kwenye raifo ya AR-15 ni sehemu ya chini ya mwili wake, na kwenye bastola ya SIG P320 ni kile kiini cha chuma chenye triga kinachochomoka ndani ya kishikio. Slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayoteleza mbele na nyuma), mtutu, magazini (kile kikasha kinachobeba risasi), springi na vitako ni vipuri vya kawaida. Kama tatizo ni darubini ya kulengea iliyolegea juu ya slaidi, na kiwanda kikikubali kupokea slaidi peke yake, utaituma kama vipuri vingine na kurasa hizi zote hazikuhusu. Liulize hilo mapema.

Hakikisha ni ya kiwanda kweli

Silaha nyingi zinazolalamikiwa hazina ubovu. Zina uchafu, magazini mbovu, au risasi zisizozipenda. Kabla ya kupiga simu, isafishe vizuri, ipake mafuta kwa kiasi, kisha uipeleke uwanja wa shabaha na magazini mbili tofauti na aina mbili za risasi za kiwandani. Andika kwenye daftari: magazini ipi, risasi ipi, ilikwama vipi. Ganda lilibaki chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa? Risasi mpya iligonga ukingo wa mtutu? Triga haikurudi? Kama inakwama na magazini moja tu, umepona, nunua magazini.

Kuna dalili ambazo hazihitaji majaribio. Fremu yenye ufa, mtutu uliovimba, silaha iliyofyatuka yenyewe, au sefti isiyoshika: hiyo haifyatuliwi tena hata mara moja “kuhakikisha”. Itoe risasi, ifungie, piga simu.

Angalia pia kama modeli yako ina wito wa kiwanda (“recall”), yaani kiwanda kinaita silaha zenye kasoro zirudi kurekebishwa. Mwaka 2014 Remington iliita raifo za modeli 700 na Seven zenye triga ya X-Mark Pro zilizotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014, kwa sababu zingeweza kufyatuka bila kuguswa triga. Agosti 2017 SIG Sauer ilitangaza maboresho ya bure ya P320 baada ya majaribio kuonyesha zingeweza kufyatuka zikianguka. Ruger kwa miaka mingi imekuwa ikiweka bure kifaa cha usalama kwenye bastola zake za silinda za mtindo wa kale, zile za 1953 hadi 1972, na kukurudishia vipuri vya awali ndani ya mfuko, kwa sababu wakusanyaji wanavithamini. Kama silaha yako iko kwenye wito wa namna hii, kwa kawaida gharama hubebwa na kiwanda, na hakijali kama wewe ni mnunuzi wa kwanza au wa tano.

Remington yenyewe ilifilisika 2020 na mali zake zikagawanywa kwa wanunuzi mbalimbali. Mwenye bunduki ya zamani ya jina hilo asidhani kwamba aliyenunua jina amenunua na waranti. Uliza kabla ya kutuma chochote. Wakati mwingine jibu sahihi ni fundi silaha mzuri wa mtaani kwako.

Simu

Kaa na silaha mbele yako ikiwa tupu, au angalau namba yake ikiwa imeandikwa. Piga huduma kwa wateja au jaza ombi kwenye tovuti ya kiwanda. Watakuuliza modeli, namba ya silaha, ulinunua wapi, na shida yenyewe. Soma kutoka kwenye daftari lako. Mteja anayesema “inakwama kwenye risasi ya mwisho, magazini zote mbili, risasi za uzito wa greini 115” hushughulikiwa tofauti na anayesema “haifanyi kazi vizuri”.

Usikate simu kabla ya kupata majibu haya:

- Namba ya kibali cha kurudisha, ambacho hutolewa na kiwanda chenyewe, si serikali, na anwani kamili. Usiichukue anwani mtandaoni. Ruger, kwa mfano, ina viwanda Newport, New Hampshire, na Prescott, Arizona, na silaha hupelekwa kulingana na aina yake. Smith & Wesson ilihamisha makao yake makuu kutoka Massachusetts kwenda Maryville, Tennessee, na tovuti nyingi bado zina anwani ya zamani.
- Je, watatuma lebo iliyolipiwa? Ya kampuni gani ya vifurushi?
- Nini kije na nini kibaki: magazini, kasha, darubini.
- Watafanyaje na vipuri ulivyobadilisha wewe?
- Itarudi nyumbani au dukani, na nani atasaini?

Swali la lebo ndilo zito kuliko yote. Viwanda vikubwa mara nyingi huitoa bure silaha ikiwa ndani ya waranti, hasa ukiomba kwa adabu na kueleza kwamba huna njia nyingine ya kutuma. Wakikataa mara ya kwanza, omba kuongea na msimamizi kabla hujatoa pochi.

Kama silaha yako ni ya Ulaya, kama Glock, Beretta au CZ, usifikirie Austria, Italia au Cheki. Kuitoa silaha nje ya Marekani ni biashara ya leseni za usafirishaji nje, na makosa yake ni makubwa. Kampuni hizo zina matawi yenye huduma humu humu nchini. La Glock liko Smyrna, Georgia.

Posta, FedEx na UPS

Hapa ndipo watu hukwama. Tangu 1927 sheria imezuia mtu wa kawaida kutuma bastola kwa posta ya taifa, USPS. Wenye leseni wana utaratibu wao. Sheria hiyo imekuwa ikipingwa, kwa hiyo usishangae ukisikia habari tofauti. Cha kufuata ni kanuni za posta zilizopo siku unayotuma, si maneno ya jirani wa uwanjani. Bunduki ndefu, yaani raifo na shotgani, posta huzipokea kutoka kwa mtu binafsi zikienda kwa mwenye leseni, zikiwa tupu, zenye ufuatiliaji na saini ya mpokeaji. Kwa mwenye raifo ya kuwindia hii ndiyo njia nafuu.

FedEx na UPS zilikuwa zikipokea silaha kutoka kwa watu binafsi. Siku hizi sera zao zinataka mtumaji awe na leseni na makubaliano maalumu nao. Hapo ndipo uzito wa ile lebo unapoonekana: lebo ya kiwanda inasafiri chini ya akaunti ya kiwanda, chenye leseni na makubaliano. Wewe unakabidhi tu.

Kuna wanaoshauri uandike “vipuri vya mashine” na unyamaze. Usifanye hivyo. Ukidanganya unavunja sera ya kampuni, bima yako inakuwa karatasi tupu, na kifurushi kikipotea utaeleza polisi kwa nini silaha yenye jina lako ilikuwa safarini kama pampu ya maji.

Kuitoa risasi na kuivua

Toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi au boliti, risasi ya chemba itoke. Kwa kufuata mpangilio huo tu. Ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini, unaingiza risasi mpya unapodhani umeitoa. Fungua chemba, angalia kwa macho, ingiza kidole cha mwisho uguse. Peleka risasi zote chumba kingine. Rudi, uangalie tena. Risasi haziruhusiwi ndani ya boksi hilo kabisa, hata moja ya “sampuli”, hata ganda lililotumika kama hawajaliomba.

Kama risasi imekwama chemba na haitoki, hiyo silaha haitumwi. Muite fundi silaha, au muuzaji, umweleze kabla ya kubeba chochote kuingia dukani kwake.

Pitisha kamba ya plastiki, zile mafundi umeme wanazofungia nyaya, ndani ya mtutu kutokea chemba, au tumia kufuli la waya lililokuja na silaha. Anayefungua boksi aone kabla ya kugusa kwamba haiwezi kufyatua. Ukitumia kufuli, tuma na ufunguo. Mafundi wa kiwandani wana hadithi nyingi juu ya hili.

Vua kila kitu ambacho hakikutoka kiwandani: taa, darubini, mkanda, kishikio cha bei ghali. Triga uliyoiweka wewe rudisha ya asili, kwa sababu kiwanda kikikuta kipuri cha nje hukitoa na kuweka chake, na huenda kikakutoza. Isipokuwa, bila shaka, kama tatizo linatokea na kipuri hicho pekee. Hapo huna haja ya kiwanda, umeshajua mbaya ni nani. Tatizo likiwa la ulishaji wa risasi, tuma magazini moja inayosumbua, ikiwa tupu, na uiandike kwenye orodha.

Barua na picha

Piga picha pande zote mbili, namba ionekane, mikwaruzo ionekane. Kisha piga picha silaha ikiwa ndani ya boksi, na boksi likiwa limefungwa. Mgogoro wa “ilikuja na mkwaruzo huu” humalizwa na picha yenye tarehe.

Barua iwe ukurasa mmoja, Kiingereza chepesi: jina, anwani ya kurudishia isiyo sanduku la posta, simu, barua pepe, modeli, namba ya silaha, namba ya kibali, orodha ya kilichomo, na maelezo ya tatizo. Maelezo yaandikwe kama ushahidi wa mahakamani. Si “pistol is bad”. Andika hali yenyewe: baada ya kufyatua, ganda linabaki chemba mara tatu au nne kwa kila boksi la risasi hamsini, risasi za aina fulani, magazini zote. Ongeza kiwango cha gharama ambacho wakikivuka lazima wakupigie kwanza. Nakala moja ndani ya boksi, moja nyumbani, pamoja na nakala ya risiti ya ununuzi. Risiti yenyewe usiitume.

Kufunga

Tumia boksi gumu jipya lisilo na maandishi. Usitumie lile lililoleta risasi au lenye nembo ya kampuni ya silaha. Sheria ya shirikisho inakataza kampuni ya vifurushi kukutaka ubandike nje maneno ya kuonyesha kuna silaha ndani, na sababu ni ya wazi: wezi wanasoma. Kwa hiyo karani akitaka kukuwekea stika ya namna hiyo, mkatalie kwa upole na uombe msimamizi.

Ifunge silaha kwenye plastiki ya vipovu, iingize boksi dogo, na hilo liingie boksi kubwa lenye karatasi zilizosokotwa pande zote sita. Tikisa. Ukisikia kitu kinatembea, fungua uongeze. Raifo huvunjika kitako kwenye shingo pale nyuma ya triga, hasa ya mbao, kwa hiyo mtutu na kitako viwe na mto mzito mwishoni. Kasha la asili liache nyumbani kama hawakuliomba; viwanda vingi havitoi ahadi kwamba litarudi. Bandika selotepu pana kwenye mishono yote.

Kukabidhi

Usiliache mlangoni asubuhi ukaenda kazini. Usilitumbukize kwenye sanduku la barabarani. Usilipeleke kwenye vibanda vya wakala vilivyo ndani ya maduka ya dawa, wala kwenye maduka ya UPS Store, ambayo hayapokei silaha. Nenda kituo kikubwa cha kampuni yenyewe, kile chenye wafanyakazi wake, mapema, katikati ya wiki. Ukituma Ijumaa, silaha italala ghalani wikiendi nzima bila sababu.

Karani akikuuliza kilichomo, sema ukweli kwa sauti ya kawaida, si ya kutangazia foleni: ni silaha tupu inarudi kwa mtengenezaji wake mwenye leseni, kwa lebo yao. Akikataa, usibishane. Piga simu kiwandani, kwani wanalijua tatizo hili na mara nyingi watakuelekeza kituo kingine au watatuma gari la kuchukua. Ukishakabidhi, dai risiti iliyoskaniwa. Bila skani ya kwanza, kwenye mfumo kifurushi chako hakijawahi kuzaliwa.

Lebo ikikosekana

Hapo nenda duka la silaha lenye leseni. Watafunga na kutuma kwa akaunti yao, utalipa nauli na ada yao. Waliulize duka mambo mawili: ada ya kwenda na ya kurudi, maana wengine hutoza zote mbili, na bima ya thamani kamili. Wataiandika silaha kwenye kitabu chao cha kuingiza na kutoa, jambo la kawaida. Ikirudi kwako wewe yule yule, haihesabiki kuwa mauzo kwa sheria ya shirikisho. Kwa bastola, na kwa anayeishi kwenye majimbo makali, mimi naona njia hii ina thamani ya pesa zake hata lebo ikiwepo.

Anayeishi karibu na kiwanda aulize kama wanapokea kwa mkono. Baadhi hukubali kwa miadi.

Kusubiri na kupokea

Fuatilia namba mpaka uone imesainiwa, kisha subiri barua pepe ya mapokezi. Ikipotea njiani, fungua dai kwa aliyelipia lebo, toa taarifa polisi ukiwa na namba ya silaha, na uweke namba ya kesi. Ikipotea ikiwa mikononi mwa mwenye leseni, naye ana wajibu wa kuiripoti ATF ndani ya saa 48.

Ikirudi, mtu mzima wa miaka 21 au zaidi lazima awepo kusaini. Panga siku, au uombe ishikiliwe kituoni ukaichukue na kitambulisho chenye jina lililoko kwenye lebo. Sisi wenye majina matatu, ambayo kila ofisi imeyapanga kivyake, tuwe waangalifu hapa. Jina la kwenye barua ya kiwandani liwe sawa herufi kwa herufi na la kwenye leseni ya udereva.

Fungua boksi kwa utaratibu ule ule wa kuitoa risasi, hata kama unajua ni tupu. Linganisha namba. Soma karatasi ya fundi: vipuri gani vimebadilishwa, wamejaribu risasi ngapi. Wakikutumia nyingine badala ya yako, namba itakuwa tofauti. Badilisha kwenye bima na kumbukumbu zako, na kama jimbo au jiji lako linasajili bastola kwa namba, fika ofisini kwao kabla ya kuibeba popote.

Kisha irudishe uwanjani, na daftari lile lile, magazini zile zile, risasi zile zile zilizoshindwa. Ikikwama tena, usifungue upya maombi. Wapigie na namba ya kazi ya mwanzo, kwa sababu marejeo ya kazi iliyokwisha kufanyika hutangulizwa kwenye foleni za viwanda vingi, na lebo ya pili huwa rahisi kupatikana kuliko ya kwanza.